Diploma ninayo, maabara ya mtandao naijua: kwa nini sipati kazi ya mitandao hapa Arusha?

#1 Binti_wa_Sakina
Salaam, wanajukwaa. Nilihitimu diploma ya TEHAMA mwaka jana na ninaishi Sakina. Tangu nihitimu nimepeleka barua za maombi katika kampuni za intaneti, hoteli na ofisi za utalii, kuanzia Mnara wa Saa hadi Njiro, na sijaitwa kwenye usaili hata mara moja. Sitafuti kazi ya kompyuta ilimradi kazi. Ninataka kuwa mhandisi wa mitandao, yule anayejua pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, imetoka wapi, imepita wapi na imekwama wapi.

Kila ninayemuuliza hunielekeza njia yake. Mjomba wangu anasema nirudi chuoni nikachukue shahada. Rafiki niliyesoma naye anasema nilipie mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Fundi mmoja anayefunga kamera pale Mianzini ameniambia niweke vitabu kando, nimfuate nikajifunze kuvuta kebo. Akiba yangu ni shilingi laki nane, nayo haitoshi kufanya yote matatu. Ninaomba wale mnaoifanya kazi hii mniambie ni nini hasa kilichowafungulia mlango wa kwanza.

#2 Fundi_Kijenge
Karibu, dada. Anza na waya. Siku niliyoajiriwa kwa mara ya kwanza tulikuwa watu tisa kwenye usaili, na hakuna aliyeulizwa swali la darasani. Kila mmoja alipewa kipande cha kebo ya mtandao ya Cat5e, vichwa viwili vya RJ45 na krimpa, yaani koleo la kubania vichwa hivyo, akaambiwa amalize ndani ya dakika tano. Tuliofaulu tulikuwa wawili. Wengine walikuwa na vyeti vizuri kuliko changu, lakini mikono yao haikuwahi kupanga nyuzi nane kwa mpangilio wa rangi uitwao T568B.

Mitandao mingi ninayoitiwa usiku haikuharibikia kwenye ruta, kile kifaa kinachoelekeza pakiti kati ya mitandao. Unakuta mtu amevuta kebo ya shaba mita 130 wakati kikomo chake ni mita 100, au ameilaza pamoja na nyaya za umeme ndani ya bomba moja. Mara nyingine jozi moja imeachia kwenye kichwa, swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, inashuka kutoka megabiti 1,000 kwa sekunde hadi 100, na mwenye ofisi anaamini kampuni ya intaneti inamwibia. Asiyewahi kushika waya hawezi kuliona kosa hilo hata akikaa mbele ya skrini siku nzima.

#3 NyuziBit
Namheshimu Fundi wa #2, lakini anaeleza namna ya kuwa fundi wa kebo, na mleta uzi ameuliza namna ya kuwa mhandisi wa mitandao. Mwajiri mwenye barua 200 mezani hana muda wa kumpa kila mmoja krimpa. Anachambua kwanza kwa vyeti, na cheti kinachojulikana na wengi ni CCNA. Mtihani wake, 200-301, ni wa dakika 120, gharama yake ni dola 300 za Marekani, na hauna sharti la kuwa na cheti kingine kabla yake. Sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 25, ni namna pakiti zinavyoelekezwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, yaani jambo lile lile alilosema anataka kulijua.

Dada, maandalizi yasikutishe. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwa mazoezi, inapatikana bila malipo kupitia Networking Academy ya Cisco, na mtihani unaweza kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, mradi umeme na intaneti visikukatikie. Ukishaupata, panda hadi CCNP, cheti cha ngazi ya juu yake. Usijaribu kuruka, kwa sababu bila CCNA hawakuruhusu.

#4 Mwalimu_Njiro
NyuziBit, hapo mwisho unahitaji marekebisho. Sharti la kuwa na CCNA kabla ya CCNP liliondolewa Februari 2020, wakati Cisco walipobadilisha mfumo mzima wa vyeti vyao. Mtu anaweza kwenda moja kwa moja, ingawa simshauri anayeanza kufanya hivyo. Ongeza pia kwamba CCNA hudumu miaka 3, baada ya hapo unapaswa kuihuisha. Msichana mwenye akiba ya laki nane akitumia karibu yote kwa mtihani mmoja, halafu akakaa miaka miwili bila kazi, atajikuta cheti kinakaribia kuisha kabla hakijamletea mshahara wa kwanza.

Kwa uzoefu wangu wa kufundisha, shahada ndiyo inayobaki. Nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hutaja kiwango cha elimu kwanza, na mashirika ya kimataifa yaliyopo hapa kwetu, kuanzia makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo huanza na shahada. Unaweza kuwa hodari kuliko wote na jina lako lisifike kwenye meza ya anayejua mitandao.

#5 Mzee_wa_Ngarenaro
Mwanangu Binti, msikilize mjomba wako na Mwalimu. Hapo Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ni jirani kabisa. Peleka maombi ukasome shahada yako pale, utoke na jina.

#6 Mwalimu_Njiro
Shikamoo, mzee. Ushauri ni mwema, ila taasisi ile hufundisha ngazi ya uzamili na uzamivu, kwa hiyo mwenye diploma hawezi kuanzia pale. Kwa shahada ya kwanza aangalie Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro, ambacho licha ya jina lake kinafundisha pia masomo ya kompyuta, au Chuo cha Ufundi Arusha. Asipotaka kubaki hapa, avuke hadi Moshi.

#7 Njia_ya_Tarangire
Ninawasoma nyote, na ninaona mnabishana juu ya karatasi na koleo huku mkiacha jambo lililo katikati, nalo ni uwezo wa kutafuta kosa kwa mpangilio. Niwaeleze kisa kimoja.

Nilikuwa nimeajiriwa kama msaidizi wa TEHAMA katika kambi moja ya watalii yenye mahema 30. Intaneti ilikuwa ya setilaiti. Kila jioni wageni waliporudi kutoka mbugani, nusu yao walishindwa kuunganishwa, lakini asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Meneja aliamini kwamba dishi ni bovu. Fundi aliyekuja kutoka mjini alipima ucheleweshaji, akaona milisekunde 600, akakubaliana na meneja. Dishi likabadilishwa kwa gharama kubwa, na tatizo likabaki pale pale.

Sasa fikirini. Setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ishara hupanda na kushuka mara mbili kabla jibu halijakurudia. Milisekunde 600 hapo ni hali ya kawaida na haikuhusiana na malalamiko yetu. Nilifungua ruta nikatazama orodha ya anwani zilizogawiwa, yaani namba za IP zinazokitambulisha kila kifaa mtandaoni. Ruta ilikuwa imepewa anwani 100 tu za kugawa, na kila kifaa kilichopata anwani kiliishikilia kwa siku 3. Mgeni alilala usiku mmoja au miwili akaondoka, ilhali anwani zake mbili, ya simu na ya kompyuta, zilibaki zimefungwa kwa jina lake. Asubuhi watu wachache walitumia mtandao, na jioni anwani zilikwisha. Nilipunguza muda wa kushikilia hadi saa 2, nikapanua mtandao kutoka ukubwa uitwao /24 hadi ule wa /23 ambao una anwani 510 za kutumia, na malalamiko yakaisha usiku ule ule.

Wakati huo sikuwa na CCNA wala shahada. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kugawa anwani, kwa penseli na karatasi, hadi nikaweza kufanya hesabu hizo kichwani. Baada ya kisa kile meneja ndiye aliyenipendekeza kwa kampuni ninayofanyia kazi sasa.

#8 Fundi_Kijenge
Kisa kizuri, mkuu, na nimejifunza. Lakini zingatia kwamba uliweza kuifungua ruta ile kwa sababu ulikuwa tayari umeajiriwa pale kambini. Binti anauliza ataingiaje hapo kambini kwanza.

#9 Usa_River_Kwetu
Nitasema ambalo wengine wanalizunguka. Kazi nyingi za mitandao hapa Arusha hazitangazwi. Meneja wa hoteli anampigia mwenzake simu na kumuuliza kama anamjua kijana mwaminifu, na mambo yanaishia hapo. Mimi niliingia kwa sababu nilisali kanisa moja na mhasibu wa kampuni. Siongei kwa kujisifu, kwa kuwa ninajua waliokuwa bora kuliko mimi walioachwa nje, na jambo hilo bado linanisumbua moyoni.

#10 Mama_Swichi
Dada Binti, mimi ni mwanamke, niko Moshi, na ninasimamia mtandao wa hospitali. Ninakubaliana kidogo na kila mmoja, isipokuwa #9, kwa sababu sikuwa na mtu yeyote aliyenijua.

Nilianza kwa kujitolea katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliahidiwa kwa mdomo kwamba baada ya miezi sita nitaajiriwa. Nilifanya kazi miezi kumi na moja bila posho, nikavuta kebo za ghorofa mbili, na ajira ikapewa mtu mwingine ambaye hata chumba cha swichi hakukijua. Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ni hili: usijitolee bila makubaliano ya maandishi yanayotaja muda na posho, hata kama posho yenyewe ni nauli ya daladala.

La pili ndilo lililoniokoa. Katika miezi ile nilichora ramani ya mtandao niliousimamia: kila swichi, kila tundu la ukutani na namba yake, kila VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) na kazi yake, kebo ipi inaelekea wapi. Hakuna aliyeniagiza. Nilipokwenda kwenye usaili uliofuata niliandaa ramani nyingine ya mfano wa jengo kama lao, nikiwa nimebadilisha anwani na majina yote ili nisitoe siri za pale nilipotoka. Mkuu wa TEHAMA aliigeuza geuza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mtandao wao wenyewe hauna mchoro. Nilianza kazi mwezi uliofuata.

Kuhusu minara, watakuambia kwamba si kazi ya wanawake. Nimepanda. Kinachotakiwa ni mafunzo, mkanda kamili wa usalama na mtu mwenye akili timamu aliyebaki chini.

#11 Binti_wa_Sakina
Asanteni sana. Mama_Swichi, shikamoo, maneno yako nimeyanakili kwenye daftari. Nina swali kwa NyuziBit na wengine: hoteli mbili nilizowahi kuingia chumba cha vifaa zilikuwa na ruta za MikroTik, na chuoni tulifundishwa amri za Cisco peke yake. Je, sikupoteza muda?

#12 Mrombo_wa_Himo
Hapo umegusa penyewe. MikroTik ni kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, na vifaa vyake vimeenea huku kwa sababu bei yake ni ndogo na kazi wanayofanya ni kubwa. Watoa huduma wadogo, shule na hoteli nyingi nilizohudumia kuanzia Himo hadi Boma Ng'ombe wanatumia hivyo. Wana cheti chao cha kuanzia, MTCNA. Kwa maoni yangu, mtu wa mikoa yetu miwili akiwa na ruta moja ndogo ya MikroTik mezani kwake atapata mkate haraka kuliko mwenye CCNA ambaye hajawahi kufungua Winbox, programu ya kuendeshea ruta hizo.

#13 NyuziBit
Hakuna muda uliopotea. VLAN ni VLAN, na OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kuchagua njia fupi, hufanya hesabu ile ile iwe kwenye Cisco au MikroTik. Kinachobadilika ni mahali pa kubonyeza. Aliyejifunza kanuni huhamia kifaa kingine kwa wiki chache, ilhali aliyekariri vitufe vya Winbox hukwama toleo jipya likitoka. Namshukuru Mwalimu kwa marekebisho ya #4, kwani mfumo wa zamani ndio niliopitia mimi.

#14 Migomba_ya_Kibosho
Nisaidieni jambo linalohusiana na mada, kwa sababu linaonyesha kazi hii ilivyo. Ninahudumia shule moja iliyounganishwa kwa redio ya gigahezi 5.8 kutoka Moshi mjini, umbali wa kilomita 5 hivi. Mwaka wa kwanza ilikuwa safi. Siku hizi masika ikianza, mtandao unakufa. Ninaamini ni mvua inayomeza ishara. Je, nibadilishe redio?

#15 Njia_ya_Tarangire
Usibadilishe kitu bado. Mvua huumiza zaidi masafa yaliyo juu ya gigahezi 10; kwa 5.8 na umbali huo, matone peke yake hayawezi kuua mtandao. Umesema mwaka wa kwanza ilikuwa safi. Je, katikati hakuna miti iliyokua? Watu hutazama kama antena zinaonana wakaridhika, lakini redio inahitaji nafasi kuzunguka mstari huo. Kwa kilomita 5, eneo hilo pale katikati lina nusu kipenyo cha mita 8 hivi, na angalau asilimia 60 yake, karibu mita 5, inapaswa kuwa wazi. Majani yakikua ndani ya eneo hilo, halafu yakalowa, ndiyo yanayomeza ishara.

#16 Fundi_Kijenge
Ninyi watu wa Moshi mnaipenda migomba hadi inawakatia intaneti. Lakini ndugu yangu, kabla hujamwomba mzee wa watu akate mti wake, panda ukafungue kiungo cha kebo kwenye antena. Nimekuta maji ndani ya viungo mara nyingi kuliko nilivyokuta miti. Kebo isiyo ya nje ikipigwa jua mwaka mzima, ganda lake hupasuka, na mvua ya kwanza hupenya.

#17 Mama_Swichi
Au yote mawili. Angalia pia kumbukumbu za nguvu ya ishara kwenye redio yenyewe. Ikipungua taratibu miezi kadhaa, huenda ni miti. Ikianguka ghafla siku ya mvua na kurudi jua likiwaka, ninamfuata Fundi. Na kwa kuwa mko mlimani, kagua waya wa ardhi. Radi ilituondolea swichi tatu kwa siku moja, kwa sababu majengo mawili yalikuwa yameunganishwa kwa kebo ya shaba. Baadaye tuliweka faiba kati ya majengo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Binti, unaona? Hakuna hata mmoja wetu aliyeko hapo Kibosho, na kila mmoja ana dhana yake. Ndiyo maana mwajiri anataka mtu atakayekwenda kupima.

#18 Mzee_wa_Ngarenaro
Ninauliza kwa nia njema: huyo anayepanda antena na huyu anayechora ramani, wote wanaitwa wahandisi? Nilifanya kazi ya ujenzi, na kwetu jina hilo halikuwa la kila mtu.

#19 Mwalimu_Njiro
Ni swali la haki, mzee. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, jina la mhandisi ni la aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mlango wake ni shahada ya uhandisi inayotambuliwa. Mwenye diploma ya uhandisi ana nafasi yake, nayo ni ya fundi sanifu, jina lenye heshima kamili. Kwenye matangazo ya kazi utakuta kampuni zikimwita kila anayegusa ruta mhandisi wa mitandao, na vijana wanaliandika jina hilo kwenye wasifu wao bila kujua uzito wake. Ndiyo maana bado ninasema asiifute shahada kwenye mipango yake.

#20 Mrombo_wa_Himo
Mwalimu, kisheria uko sahihi, lakini mteja wangu mtandao ukikatika haniulizi namba ya usajili.

#21 Njia_Kuu
Nimefika nikiwa nimechelewa. Wote mnazungumzia mitandao ya ndani ya majengo. Kuna ngazi nyingine, ya watoa huduma wenyewe, ambako kampuni hubadilishana njia kwa BGP, utaratibu ambao ruta zao hutumia kuambiana njia hizo. Dar es Salaam kuna kituo cha kubadilishana trafiki, TIX, na hapa Arusha kuna chetu, AIXP, ili barua pepe ya kutoka Njiro kwenda Sakina isilazimike kwenda kuzunguka nje ya nchi. Wataalamu wa ngazi hiyo ni wachache mno. Nilijifunza kupitia mafunzo ya AfNOG, jumuiya ya wahandisi wa mitandao ya Afrika iliyopo tangu mwaka 2000, na ya AFRINIC, ambao ndio wanaogawa anwani za IP kwa bara letu. Anayeanza leo ajifunze mapema IPv6, mfumo mpya wa anwani, pamoja na Linux na lugha ya programu ya Python kidogo. Hata CCNA yenyewe imetenga asilimia 10 kwa kuendesha vifaa kwa programu.

#22 Usa_River_Kwetu
Na mafunzo hayo uliyajuaje, Njia_Kuu? Uliambiwa na nani?

#23 Njia_Kuu
Niliambiwa na mkuu wangu wa kazi. Ninaelewa unakoelekea, na siwezi kulikana.

#24 Binti_wa_Sakina
Ninarudi baada ya wiki tatu. Nimenunua ruta ndogo ya MikroTik iliyotumika, na swichi kuukuu yenye matundu manane. Nimetengeneza VLAN mbili, moja ya wageni na moja ya ofisi, na nimezuia ya wageni isiione ya ofisi. Juzi niliandika kimakosa kanuni ya ngome (firewall, inayozuia wasioruhusiwa) nikajifungia nje mwenyewe, ikabidi niirudishe ruta katika hali ya kiwandani na kuanza upya. Ramani nimeichora kama alivyosema Mama_Swichi. Akiba iliyobaki haitoshi tena mtihani kwa sasa, na shahada nitaiombea mkopo mwakani. Je, kuna namna ya kuzuia lile la kujifungia nje?

#25 Mrombo_wa_Himo
Ipo. Ukiwa kwenye dirisha la amri bonyeza CTRL na X, au kitufe cha Safe Mode cha toleo lako, kabla ya kubadilisha chochote. Utaingia kwenye hali ya usalama. Ukijikata, ruta yenyewe itarudisha mabadiliko uliyofanya tangu hapo. Ukiridhika, bonyeza tena vile vile ili yahifadhiwe.

#26 Migomba_ya_Kibosho
Nimepanda juu. Kiungo kilikuwa na maji kweli, nimekibadilisha na kukifunga upya. Lakini kuna pia mgrevilea uliokua katikati ya njia, na mvua haijanyesha tangu hapo, kwa hiyo sijui ni nani kati yenu aliyekuwa sahihi.

#27 Fundi_Kijenge
Binti, Jumamosi saa mbili asubuhi tunavuta kebo katika jengo la ghorofa tatu karibu na Sanawari, matundu 48. Malipo ya siku yapo na nitayaandika kwenye karatasi kabla hatujaanza. Vaa viatu vya kufunika, uje na krimpa kama unayo, na uje na ile ramani, kwa sababu mwenye jengo hajui chumba cha swichi kikae ghorofa ipi.

#28 NyuziBit
Nenda, Binti, na nitakuwekea hapa mazoezi ishirini ya kugawa anwani uyafanye jioni ukirudi. Lakini Fundi, siku mwenye jengo huyo atakapotafuta mtu wa kumwajiri moja kwa moja, tuone kama hatauliza cheti.

#29 Fundi_Kijenge
Chumba cha swichi kikikaa pasipofaa na kebo ya ghorofa ya tatu ikazidi mita 100, cheti hakitaifupisha. Saa mbili kamili, Binti.